Meza Fupi ya Kichina: Mwongozo Kamili wa Kuielewa, Kuitengeneza na Kuitumia

Mafundi wengi wanaotaka kutengeneza meza fupi ya mtindo wa kale wa Kichina huanza na mguu wake uliopinda, kwa kuwa ndio unaovutia macho, kisha hutafuta vipimo vya sehemu nyingine baadaye. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika. Meza hii haikubuniwa itazamwe na mtu aliyesimama, bali imhudumie mtu aliyeketi amekunja miguu juu ya mkeka, na karibu kila sehemu yake, kuanzia ukingo wa juu hadi kwato za miguu, imetokana na mkao huo au na tabia ya mbao kuvimba na kusinyaa. Nitaieleza kwa mpangilio ambao fundi anapaswa kuufuata: kwanza matumizi, kisha aina, kisha mbao na vipimo, na mwisho patasi.

Kuifahamu kazi ya meza

Kabla ya viti kuenea, Wachina waliketi chini juu ya mikeka, na samani zao zote zililingana na kimo hicho. Katika kaburi la mke wa Kabaila wa Dai huko Mawangdui, Changsha, la karne ya 2 kabla ya Kristo, ambalo lilifukuliwa mwaka 1972, ilikutwa sinia ya mti iliyopakwa laka ikiwa na vyombo vya chakula juu yake. Chombo cha namna hiyo kiliitwa an, na tofauti kati ya sinia na meza ilikuwa ndogo sana, maana kilihitaji vijiguu vifupi tu ili kisilale chini kabisa. Katika kisa mashuhuri cha enzi ya Han, Meng Guang alimwandalia mumewe Liang Hong chakula kwa kuinua an hadi usawa wa nyusi kama ishara ya heshima, na msemo uliotokana na kisa hicho ungali unatumika katika Kichina kuwasifu wanandoa wanaoheshimiana. Kwa fundi, kisa hiki kina funzo lake: meza ya mwanzo ilikuwa nyepesi kiasi cha kuinuliwa na mtu mmoja ikiwa imejaa vyombo.

Viti virefu vilipozoeleka, jambo lililokuwa limekamilika kufikia enzi ya Song (960–1279), meza nyingi zilirefuka pamoja navyo. Meza fupi haikutoweka, bali ilipanda juu ya kang. Msomaji wa pwani aifikirie baraza iliyojengwa ndani ya chumba, pana kiasi cha kulaliwa na familia nzima, ambayo chini yake moshi wa moto wa jikoni hupita katika mifereji ya matofali na kuipasha joto. Katika majira ya baridi ya kaskazini mwa China, maji yanapoganda nje, maisha yote ya nyumbani huhamia juu ya baraza hiyo: mchana watu huketi, hula, hushona na husoma wakiizunguka meza fupi, na usiku meza huondolewa ili matandiko yatandikwe. Upande ulio karibu na jiko ndio wenye joto zaidi, na huachiwa wazee na wageni. Kusini, ambako kang haikuzoeleka, meza za aina hiyo ziliwekwa juu ya vitanda vipana vya kuketia mchana.

Kutokana na maisha hayo meza ilidaiwa mambo manne: iwe fupi, iwe nyepesi, isichane mkeka wala tandiko, na isimwagie chai nguo za walioketi. Jambo la mwisho ndilo lililozaa ule mwinuko mwembamba unaozunguka uso wa meza nyingi za kulia, ambao wengi hudhani ni pambo. Ni kizuizi cha maji, na jina lake la Kichina linamaanisha hivyohivyo.

Kuchagua aina

Kuna aina tatu kuu, na chaguo lako litaamua kila kipimo kitakachofuata. Ya kwanza ni kangzhuo, meza pana ambayo upana wake huzidi nusu ya urefu wake na ambayo miguu yake iko kwenye pembe nne kabisa. Hii huwekwa katikati, na watu huketi pande zake. Aina mbili nyingine ni nyembamba na huwekwa pembeni, kwa ajili ya taa, vitabu, saa au chombo cha maua. Kangji ina miguu pembeni au imeundwa kwa mbao tatu zilizokutana kwa pembe mraba, ilhali miguu ya kang'an imeingizwa ndani kidogo, hivyo ncha za uso wake huning'inia pande mbili.

Tofauti hiyo ya mahali pa miguu huendelea hadi kwenye meza ndefu za Kichina. Meza yenye miguu pembeni huitwa zhuo, na yenye miguu iliyoingia ndani huitwa an, hata kama mbili hizo zinafanya kazi ileile. Ukilishika hilo utaweza kusoma maelezo ya samani yoyote ya Kichina bila kupotea. Kwa mtu anayetengeneza kwa mara ya kwanza, napendekeza kangzhuo, kwa sababu ndiyo yenye matumizi mengi zaidi na ndiyo inayofundisha viungo vyote muhimu.

Mbao

Samani zinazosifiwa zaidi ni zile za mwisho wa enzi ya Ming (1368–1644), hasa baada ya mwaka 1567, serikali ilipolegeza marufuku ya biashara ya baharini na mbao ngumu za nchi za kusini zikaanza kuingia kwa wingi. Mbao mbili zilipata heshima ya pekee. Huanghuali, ya rangi ya asali, hutoka kwa mti wa kisiwa cha Hainan uitwao kitaalamu Dalbergia odorifera, ambao ni wa jenasi moja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Zitan, nyeusi yenye wekundu wa zambarau, ni Pterocarpus santalinus wa kusini mwa India, ambao ni ndugu wa mninga, Pterocarpus angolensis, na wa mkurungu, Pterocarpus tinctorius. Kwa hiyo fundi wa Tabora anayeranda mninga yumo katika ukoo uleule wa miti uliotumiwa kwa samani za kifalme za Beijing.

Mpingo usiufikirie kwa kazi hii. Shina lake ni jembamba, mara nyingi limepinda au lina uwazi katikati, na ni vigumu kupata ubao mpana. Tena ni mzito mno kwa meza inayopaswa kubebwa kila jioni. Mninga ndio chaguo langu bila kusita, kwa kuwa haubadiliki umbo sana hali ya hewa inapobadilika, hukubali patasi na hupendeza bila rangi. Miti hii yote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: jenasi yote ya Dalbergia iliingizwa mwaka 2017, kisha mkurungu na mninga ikafuata, mkurungu ukitangulia. Hilo halikuzuii kununua mbao halali nchini mwako, ila linaweza kukulazimu kuwa na kibali iwapo utavusha mbao au meza mpaka. Mdai muuzaji hati za mzigo kabla ya kulipa. Na asiyepata mninga asikate tamaa, maana nyumba nyingi za kaskazini mwa China zilitumia miti ya kawaida ya maeneo yao, na meza zao ni nzuri vilevile.

Mbao ziwe kavu kwelikweli. Kanuni ya zamani ya mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi moja ya unene ni ya kuaminika. Baada ya hapo ziache wiki kadhaa katika chumba ambamo meza itakaa, kwa sababu mbao zilizozoea unyevu wa Tanga zitasinyaa zikifika Dodoma.

Vipimo

Kwa mtu mzima aliyekunja miguu, kiwiko huwa sentimita 20 na zaidi kidogo juu ya mahali alipokalia. Uso wa meza ukiwa kati ya sentimita 25 na 32, mikono hutulia juu yake na bakuli huwa karibu na mdomo. Ukizidisha, mabega huinuka na mtu huchoka kabla ya chakula kwisha. Nitatumia meza ya urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 30.

Kimo hicho hugawanywa hivi: uso sentimita 3, kiuno, yaani sehemu iliyobonyea chini ya uso, 2.5, ubao unaozunguka chini ya kiuno, ambao nitauita pindo, 5 katikati na 6 kwenye ncha unakoinama kuukuta mguu. Zinabaki sentimita 19.5 za nafasi wazi chini ya pindo, na nafasi hiyo ndiyo inayopokea magoti. Ilinde. Watu wengi huongeza mti wa kuunganisha miguu wakidhani meza haitakuwa imara, kumbe mti ulionyooka hugonga magoti. Wachina walipouhitaji waliupinda katikati ukainuka kama nundu ya ngamia, ukagusa pindo na kuacha nafasi. Kwa meza ya kimo hiki viungo vyema vinatosha.

Andaa vipande vifuatavyo: viwili vya fremu vya sm 90 × 8 × 3, viwili vya 60 × 8 × 3, ubao wa kati wa 76.2 × 45.8 wenye unene wa 1.5, nyuzi zikielekea urefu wa meza. Mapindo mawili ya sm 86 na mawili ya 56, yote ya kimo cha 8.5 na unene wa 3, kiuno kikiwa kimechongwa humohumo. Miguu minne ya 6 × 6 yenye urefu wa sm 29. Na mataruma matatu ya kushikilia ubao wa kati kwa chini. Katika meza nyingine kiuno ni kipande cha peke yake, lakini kuchonga kiuno na pindo katika ubao mmoja ni njia ya kale pia, na ni imara zaidi.

Kutengeneza uso

Hapa ndipo penye akili ya meza yote, na ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Ubao mpana ukipigiliwa misumari juu ya miguu hupasuka, kwa sababu huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi huku misumari ikiuzuia. Wachina walitatua jambo hili kwa kuuacha ubao wa kati uelee ndani ya fremu. Fremu hushikana kwa nguvu zote. Ubao wa kati haushikwi popote kwa gundi, umepumzika tu katika mfereji na una uhuru wa kupanuka.

Anza na fremu. Pembe zikutane kwa mshazari wa nyuzi 45 ili ncha ya mbao isionekane, na ndani ya mshazari huo vipande virefu vitoe ulimi, vipande vifupi vitobolewe tundu. Usigeuze mpangilio huo, kwa kuwa hatua ya miguu inautegemea. Kisha piga mfereji katika ukingo wa ndani wa vipande vyote vinne, upana wa milimita 8 na kina cha 12, ukianzia milimita 7 kutoka juu.

Punguza kingo za ubao wa kati kwa upande wa juu, milimita 7 kwenda chini, ili ubaki ulimi wa milimita 8 unaoingia katika mfereji. Fremu inaacha uwazi wa sentimita 44 kwa upana. Ulimi wa kila upande ukiwa wa milimita 9, zinabaki milimita 3 tupu ndani ya mfereji kila upande, na hizo ndizo nafasi za kupumua. Juu, ambako macho yanaona, amua kwa majira: ukitengeneza wakati wa mvua, mbao zikiwa zimevimba, bega la ubao liguse fremu, ukitengeneza kiangazi, punguza bega lenyewe na uache uwazi wa milimita moja na nusu, la sivyo masika yajayo yatasukuma pembe za fremu hadi zifunguke. Kwa urefu, mbao hazibadiliki kwa kiasi cha kutia wasiwasi, hivyo milimita moja kila ncha inatosha.

Mataruma huzuia ubao usijikunje. Chini ya ubao, ukikata nyuzi, chonga mifereji mitatu ya kina cha milimita 5 yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, kisha chonga taruma lenye umbo lilelile liingie kwa kusukumwa kutoka ubavuni. Mfereji na taruma vipungue upana kidogo kidogo kuelekea upande mmoja ili taruma likaze linapofika mwisho. Ncha za taruma ziwe na ulimi wa sentimita 1.5 unaoingia katika vipande virefu vya fremu. Gundi isiguse mahali hapa hata tone moja.

Miguu na mapindo

Chora umbo la mguu kwenye kadibodi kwanza, kisha ulihamishe katika nyuso mbili za nje za kila mguu. Unene wa sentimita 6 hubaki juu na kwenye kwato, na katikati hupunguzwa hadi karibu 4 kwa kukata upande wa ndani, ili kwato ionekane kama inageukia ndani. Huu ndio mguu wa kwato ya farasi, na mimi naupenda kuliko ule uliopinda mara mbili wenye ncha inayotoka nje, kwa kuwa kwato iliyogeuka ndani haishiki tandiko meza inaposogezwa. Usichonge kwato kabla ya viungo kukamilika, maana utahitaji nyuso zilizonyooka za kupimia na za kubanwa kwenye jiliwa.

Juu ya kila mguu acha ndimi mbili za kuingia chini ya fremu, mmoja mrefu wa milimita 20 na mwingine mfupi wa milimita 8. Mrefu huingia katika kipande kirefu cha fremu, na mfupi katika kile kifupi. Sababu ni kwamba ndani ya ncha ya kipande kifupi umekwisha kupita ulimi wa fremu, na tundu la kina lingeukata. Nimeona meza zilizolegea pembe zote nne kwa kosa hili moja.

Pindo hukutana na mguu kwa mshazari pia. Bega la mguu hukatwa kutoka pembe ya nje, chini ya kiuno, likishuka kuelekea ndani, na ndani ya bega hilo hutobolewa tundu la pembetatu. Ncha ya pindo huchongwa ulimi unaolingana, hivyo pindo hutumbukizwa kutoka juu na kuning'inia begani mwa mguu. Uzito unaowekwa mezani hukaza kiungo badala ya kukilegeza, na ndiyo maana meza za namna hii hudumu karne nyingi bila msumari.

Unganisha kila kitu kwanza bila gundi: mapindo juu ya miguu, kisha uso ubonyezwe kutoka juu. Ilaze juu ya sakafu iliyo sawa, pima mishazari miwili kwa futi, na iwapo mguu mmoja unaning'inia tafuta bega lisilokaa vizuri kabla ya kufikiria kukata mguu. Ukiridhika, fungua, chonga kwato, lainisha kwa msasa, na tia gundi kidogo kwenye pembe za fremu na ndimi za miguu peke yake.

Umaliziaji unahitaji subira zaidi ya vifaa. Vanishi nzito ya kung'aa huzima uhai wa mninga. Yeyusha nta ya nyuki juu ya maji ya moto, ichanganye na mafuta ya kitani, paka safu nyembamba kwa kitambaa, subiri siku moja, sugua, kisha rudia mara tatu au nne. Tandaza kitambaa chenye mafuta nje hadi kikauke, kwa sababu kikikunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Paka upande wa chini wa uso pia, maana ubao unaokunywa unyevu upande mmoja hujikunja.

Kuiweka na kuitumia

Meza hii haikai vizuri mbele ya kochi refu, ambako mtu analazimika kuinama. Mahali pake ni juu ya mkeka, busati au zulia, na mito pembeni, au juu ya kitanda kipana cha kuketia. Nyumba ambazo chakula bado huliwa mkekani zitaizoea siku hiyohiyo. Sinia ya pilau ya watu wanne hukaa katikati na bado pakabaki nafasi ya vibakuli vya kachumbari na maji ya kunawa. Kwa kusoma au kuandika, iweke karibu na dirisha kama walivyofanya wenye kang, mwanga ukitoka ubavuni. Ukihamisha, ishike kwa mapindo, watu wawili, wala usiiburute.

Ukinunua meza ya zamani

Katika karne ya 20 meza fupi za Kichina zilitafutwa sana Ulaya na Marekani kama meza za sebuleni, na wauzaji wakazikata miguu meza ndefu ili wapate za kuuza. Kuitambua si vigumu ukikumbuka vipimo. Tazama kwato kwanza: kama mguu unakatika ghafla bila kwato wala upanuzi wowote ilhali sehemu za juu zimechongwa kwa ufundi, shuku. Tazama pindo na miti ya kuunganisha miguu: katika meza iliyokatwa vitaonekana vizito kupita kimo chake. Mwisho igeuze na uangalie nyayo. Miguu iliyokaa miaka mingi sakafuni huwa na weusi wa unyevu na nyuzi zilizochakaa bila mpangilio, ilhali mkato mpya huwa safi, umenyooka, au umepakwa rangi nyeusi iliyo sawa kotekote.